Kruzi kontroli ya gari la zamani inapokataa kazi: mwongozo kwa wanaopita Kobero, Muyinga na Gitega



Magari mengi yanayohudumia biashara kati ya Giteranyi, Muyinga na Gitega yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi nje. Yalishushwa bandari ya Dar es Salaam, yakavuka Tanzania yote na kuingia Burundi kupitia Kabanga na Kobero. Baadhi yake, hasa Land Cruiser, Prado na Mercedes za zamani, yana kruzi kontroli, yaani mfumo unaoshikilia mwendo bila dereva kukanyaga mafuta. Na katika magari ya umri huo mara nyingi mfumo huu haufanyi kazi, au unafanya kazi siku unayotaka wenyewe.

Wenye magari wengi hulichukulia hilo kuwa jambo dogo, kwa kuwa gari linatembea vizuri tu bila kruzi. Makala hii inaeleza jinsi ya kutafuta hitilafu hatua kwa hatua, kwa vifaa vya kawaida na testa ya umeme ya bei nafuu. Lakini kuna jambo moja ambalo msomaji anapaswa kulielewa kabla ya kufungua boneti: kruzi kontroli imetengenezwa ikatae kazi kila inapokuwa na shaka juu ya breki, klachi, gia au kipimo cha mwendo. Kwa hiyo inapokataa, mara nyingi ugonjwa hauko kwenye kruzi yenyewe. Uko kwenye kitu kingine ambacho unakihitaji zaidi kuliko kruzi. Ukiirekebisha kwa kuunga waya ili ikubali tu, utakuwa umeondoa ulinzi na kuacha ugonjwa.

Mfumo unavyofanya kazi

Kifaa cha namna hii kilibuniwa Marekani na Ralph Teetor, mhandisi aliyekuwa kipofu tangu utotoni, na kampuni ya Chrysler ilianza kukiuza katika magari yake ya mwaka 1958. Mengi yamebadilika tangu wakati huo, lakini katika magari ya miaka ya 1980 na 1990 utakuta sehemu hizi:

- Swichi za dereva, kwenye usukani au kwenye mkono ulio pembeni yake: kuwasha, kuweka mwendo, kurudisha mwendo na kufuta.
- Sensa ya mwendo, kwenye gia boksi au nyuma ya spidomita.
- Swichi ya breki, juu ya pedali. Gari la gia za mkono lina swichi nyingine kwenye klachi, na la otomatiki linatumia swichi ya gia.
- Kompyuta ndogo ya mfumo, mara nyingi nyuma ya dashibodi.
- Kifaa kinachovuta waya wa mafuta kwenye injini. Hapa tutakiita kivutaji. Kuna vivutaji vya aina mbili: vinavyotumia mvuto wa hewa wa injini (vakyumu), na vinavyotumia mota ya umeme.

Dereva akiweka mwendo, kompyuta inasoma sensa na kukiamuru kivutaji kuongeza au kupunguza mafuta. Akigusa breki au klachi, umeme wa kivutaji unakatika na springi inarudisha mafuta chini. Njia hiyo ya kukata ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika mfumo mzima.

Kwa mafundi wa Muyinga na Gitega waliojifunza kazi kwa Kifaransa, kifaa hiki kinaitwa régulateur de vitesse. Usikichanganye na limiteur de vitesse, ambacho kazi yake ni kuzuia gari lisipite mwendo fulani. Ukitaja jina lisilo sahihi, fundi atafungua mahali pasipohusika na muda utakaopotea ni wako.

Kwanza hakikisha gari linayo

Jambo hili linaonekana la kuchekesha, lakini hutokea. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayakufungwa kruzi kontroli, hata kama gari la jina hilohilo lililouzwa Ulaya au Uarabuni linayo. Usukani uliotolewa gari jingine unaweza kuwa na vitufe vya kruzi vyote huku nyuma yake hakuna kitu. Fungua boneti ufuatilie waya wa mafuta. Katika magari mengi ya zamani yenye kruzi utaona kebo ya pili inayokwenda kwenye kivutaji. Kama kuna kebo moja tu inayotoka kwenye pedali, uliza zaidi kabla ya kununua spea yoyote.

Mambo ambayo si hitilafu

Kabla ya kusema mfumo ni mbovu, angalia kama gari halifanyi kile lilichotengenezwa kufanya.

*Mwendo mdogo.* Mifumo mingi ya zamani haikubali chini ya kilomita 40 kwa saa hivi. Kwenye barabara za udongo za Giteranyi, ambako gari linakwenda 30, kruzi haitawaka na haipaswi kuwaka.

*Milima.* Toyota nyingi za miaka ya 1990 hujifuta zenyewe mwendo ukishuka kilomita 16 hivi chini ya ule uliowekwa. Gari lililopakia linapopanda kutoka Kobero kuelekea Muyinga, au kati ya Muyinga, Karuzi na Gitega, linapoteza mwendo huo mara kwa mara. Kruzi kujizima hapo ni sahihi kabisa.

*Hewa nyepesi.* Gitega iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri inavyopanda juu, takribani sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000, na mvuto wa vakyumu nao hupungua. Mfumo wa vakyumu uliokuwa mzima Dar es Salaam unaweza kuonekana dhaifu Gitega bila kuwa umeharibika.

*Mteremko.* Kruzi ya gari la zamani haina uwezo wa kufunga breki. Inaweza kupunguza mafuta tu. Ukiweka 70 na gari likafika 95 kwenye mteremko, kruzi haijaharibika. Ni dereva aliyeitumia mahali pasipofaa.

Tahadhari kabla ya kuanza kazi

1. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono na weka vigingi kwenye matairi.
2. Usijaribu kivutaji injini ikiwa inazunguka na gari likiwa kwenye gia.
3. Kama usukani una mfuko wa hewa, toa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kufungua kitu chochote kwenye usukani. Mfuko ukilipuka mikononi unaweza kuvunja mkono au kuharibu uso. Kazi hiyo mwachie fundi anayeijua.
4. Usichomeke taa ya majaribio yenye balbu kubwa kwenye waya za kompyuta. Tumia testa ya kidijitali.

Hatua za kutafuta hitilafu

Fuata mpangilio huu. Umeanza na vitu rahisi na vya bei ndogo, na kila hatua inakagua pia kitu kinachohusu usalama wa gari.

*Hatua ya 1: Fyuzi na taa ya kruzi*

Washa swichi kuu ya kruzi. Kama kuna taa ya kijani au ya njano kwenye dashibodi, inapaswa kuwaka. Isipowaka, kagua fyuzi kwa testa, kwa sababu fyuzi inaweza kuonekana nzima kwa macho huku imekatika ndani. Soma kifuniko cha boksi la fyuzi uone ile fyuzi inahudumia nini kingine. Ikiungua tena baada ya kubadilishwa, kuna shoti. Usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya.

*Hatua ya 2: Taa za breki*

Mwombe mwenzako asimame nyuma ya gari, kisha kanyaga breki. Taa zote zinapaswa kuwaka kwa nguvu ile ile na kuzima mara unapoachia. Hapa ndipo magari mengi yanapokamatwa:

- Taa haziwaki kabisa: swichi ya breki au fyuzi yake imekufa. Kruzi inakataa, na gari la nyuma yako halijui kwamba umefunga breki.
- Taa zinawaka muda wote: swichi imekaa vibaya au imegandia. Kompyuta inaamini kwamba mguu uko kwenye breki, kwa hiyo haitakubali kamwe.
- Balbu zimeungua, au zimebadilishwa kuwa za LED: baadhi ya mifumo, hasa ya Marekani na ile iliyofungwa baadaye, husoma breki kupitia waya wa ndani wa balbu ya kawaida. Balbu ikiungua au ikibadilishwa aina, mfumo unakataa.

Kwa msafirishaji wa Kobero hatua hii ina faida mbili. Taa ya breki isiyowaka ni kosa ambalo askari wa barabarani wa pande zote mbili za mpaka wanaliona kwa macho, bila kuhitaji kipimo.

*Hatua ya 3: Swichi ya breki yenyewe*

Swichi hii mara nyingi ina waya nne. Jozi moja inaunganika pedali inapokanyagwa, na hiyo inawasha taa. Jozi ya pili inafanya kinyume: imeunganika pedali ikiwa juu, na inakatika ukikanyaga. Hiyo ya pili ndiyo inayokata umeme wa kivutaji. Chomoa soketi, weka testa kwenye kipimo cha kuunganika, na ujaribu jozi zote mbili, pedali ikiwa juu na ikiwa chini. Jozi ya pili isipounganika pedali ikiwa juu, umepata chanzo cha kruzi kukataa. Jozi hiyo isipokatika pedali ikiwa chini, gari lina hatari kubwa zaidi: kruzi inaweza isizime kwa njia hiyo.

Vumbi la barabara za udongo na unyevu wa masika huingia humo. Wakati mwingine swichi ni nzima ila imesogea kutoka mahali pake. Ukiirekebisha, acha nafasi ndogo kati ya mwili wa swichi na pedali, milimita 1 hadi 2 hivi, na uhakikishe pedali inarudi juu kabisa. Ukiikaza ikaisukuma pedali chini, breki zitashika kidogo muda wote, zitapata joto, na mteremko mrefu utakukuta zikiwa zimechoka.

Zingatia: kuna mafundi wanaounga waya mbili za swichi hii pamoja ili kruzi ikubali. Usikubali kamwe. Chukua mfano wa Prado iliyofanyiwa hivyo: inatembea vizuri kwenye tambarare za Singida na mwenye gari anamsifu fundi. Siku mtoto anapokatiza barabara, dereva anakanyaga breki na kivutaji kinaendelea kuvuta mafuta. Breki inapigana na injini, na gari linasimama mbali kuliko dereva alivyotarajia.

*Hatua ya 4: Klachi na gia*

Swichi ya klachi inajaribiwa kama ile ya breki. Ikiwa imeungwa moja kwa moja, ukikanyaga klachi huku kruzi imewaka injini itanguruma ghafla. Kwa otomatiki, angalia kama injini inakubali kuwashwa gia ikiwa kwenye D. Ikikubali, swichi ya gia ni mbovu, nayo inaweza kuwa ndiyo inayozuia kruzi. Gari linalowaka likiwa kwenye gia linaweza kumgonga mtu aliyesimama mbele yake gereji.

*Hatua ya 5: Spidomita*

Kruzi haiwezi kushika mwendo isioujua. Angalia mshale wa spidomita ukiwa unaendesha:

- Mshale haupandi: sensa au kebo ya spidomita imekatika. Kruzi haitawaka.
- Mshale unarukaruka: kruzi itashika na kuachia, au gari litasukasuka mbele na nyuma.
- Mshale unapanda vizuri lakini kruzi imekufa: tatizo liko kwingine, endelea.

Kwa wanaonunua magari ili kuyauza tena, hatua hii ina maana ya ziada. Njia moja ya zamani ya kuficha umri wa gari ni kuchomoa kebo au sensa ya mwendo ili namba za kilomita zisiongezeke. Ukikuta spidomita imelala, kruzi imekufa na muuzaji anasema "ni kitu kidogo tu," usiziamini zile kilomita zinazosomeka.

*Hatua ya 6: Vakyumu, kwa mifumo inayoitumia*

Injini ikiwa inazunguka bila kukanyagwa, chomoa mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye kivutaji na uweke kidole. Unapaswa kuhisi kidole kinavutwa. Kama hakivutwi, fuatilia mpira wote. Mipira ya umri wa miaka 25 hukauka, hupasuka kwenye kona na hutafunwa na panya. Sikiliza sauti ya hewa inayofyonzwa. Katika magari mengi ya Ulaya na Marekani kuna pia valvu ndogo kwenye pedali ya breki inayotoa vakyumu yote unapokanyaga. Ikivuja, kruzi haishiki.

Injini za dizeli hazina vakyumu ya kutosha zenyewe. Zina pampu maalumu, na katika Toyota nyingi pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Pampu hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki. Kwa hiyo kama vakyumu ni dhaifu na pedali ya breki imekuwa ngumu, acha habari za kruzi. Gari hilo lisishuke mlima mpaka pampu na mipira vikaguliwe.

Kivutaji chenyewe kijaribu kwa kukifyonza kwa mpira safi kisha kuziba tundu. Kama kina matundu mengine, yazibe pia. Kikipoteza hewa mara moja, ngozi ya ndani imetoboka.

*Hatua ya 7: Kebo na springi*

Injini ikiwa imezimwa, vuta kebo ya kivutaji kwa mkono kisha uiachie. Inapaswa kurudi yenyewe mara moja, bila kukwama, na mlango wa hewa wa injini ufunge kabisa. Kebo ikiwa imelegea sana, kruzi itachelewa na mwendo utashuka kidogo kila unapoweka. Ikikazwa sana, injini haitarudi kwenye mzunguko wake wa chini. Kebo inayokwama isipakwe oili na kurudishwa tu. Ibadilishwe, kwa sababu ikikwama barabarani mafuta hayatarudi chini.

*Hatua ya 8: Swichi za usukani*

Kama honi haifanyi kazi, au taa ya mfuko wa hewa inawaka muda wote, shuku ule utepe wa waya unaojizungusha chini ya usukani. Ukikatika, vitufe vya kruzi vinakufa pamoja na honi, na mfuko wa hewa unaweza usifunguke siku ya ajali.

Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, swichi ya kruzi inatumia waya mmoja na kila kitufe kina ukinzani wake. Kitufe cha kurudisha mwendo husoma omu 60 hadi 80, cha kuweka mwendo omu 180 hadi 220, na cha kufuta omu 400 hadi 440. Namba zikiwa mbali na hizo, swichi ni chafu ndani au imechoka.

*Hatua ya 9: Kompyuta ya mfumo*

Hii iwe ya mwisho. Mafundi wengi huianza kwa sababu kubadilisha boksi ni rahisi kuliko kutafuta. Katika Mercedes za zamani ugonjwa unaojulikana ni risasi za kuunganishia ndani ya boksi kupasuka nyufa ndogo. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaweza kuzichoma upya kwa gharama ndogo kuliko boksi jingine.

Kusoma kodi kwenye Toyota

Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye kivutaji cha mota, taa ya kruzi ikiwakawaka wakati wa safari ina maana kwamba kompyuta imehifadhi kodi. Zima gari, fungua kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, unganisha tundu la TC na la E1 kwa kipande cha waya, kisha washa ufunguo bila kuwasha injini. Hesabu miwako: mitatu, kimya kidogo, kisha miwili, ni kodi 32. Taa ikiwakawaka kwa haraka bila kupumzika, hakuna kodi.

- Kodi 11 hadi 15: kivutaji, yaani mota yake, klachi yake ya sumaku au sensa yake.
- Kodi 21: hakuna habari ya mwendo. Rudi hatua ya 5.
- Kodi 23: mwendo ulishuka mno. Inaweza kuwa ni mlima tu.
- Kodi 32 na 34: swichi za usukani. Rudi hatua ya 8.

Usiunganishe matundu mengine kwa kubahatisha.

Dalili kwa ufupi

- Taa ya kruzi haiwaki: fyuzi, swichi kuu.
- Taa inawaka lakini mwendo haushiki: swichi ya breki, ya klachi au ya gia, sensa ya mwendo, vitufe.
- Inashika kisha inaachia kwenye matuta na mashimo: soketi iliyolegea, au swichi ya breki iliyokaa karibu mno na ukomo wake.
- Inashika kisha mwendo unashuka polepole: mpira wa vakyumu, kivutaji kilichotoboka, kebo iliyolegea.
- Gari linasukasuka: spidomita inayoruka, kebo.
- Haizimi kwa breki: usiitumie tena. Toa fyuzi yake na uende gereji.

Ikikataa kuzima ukiwa barabarani

Dereva yeyote anayeendesha gari lenye mfumo huu ajue hatua hizi kwa moyo, na amfundishe na turniboi wake:

1. Kanyaga breki kwa nguvu mara moja na uishikilie. Usiikanyage na kuiachia mara nyingi, kwa sababu msaada wa vakyumu utakwisha na pedali itakuwa ngumu.
2. Kanyaga klachi, au kwa otomatiki weka gia kwenye N. Injini italia sana. Iache ilie.
3. Zima swichi kuu ya kruzi.
4. Toka pembeni, simama, kisha zima injini. Gari likiwa bado linatembea usitoe ufunguo, kwa sababu usukani unaweza kujifunga.

Baada ya hapo usiendelee na safari kwa kusema "imeacha." Toa fyuzi ya kruzi, kagua kama kebo inarudi, na kama hairudi gari livutwe.

Onyo kutoka kwa Ford

Kwa wenye Ford zilizotengenezwa kwa soko la Marekani katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuna jambo la pekee. Swichi ya kuzima kruzi katika aina nyingi za magari hayo ilifungwa kwenye mfumo wa mafuta ya breki. Mafuta yalipovuja ndani yake swichi ilipata joto, na gari liliweza kushika moto hata likiwa limeegeshwa na ufunguo umetolewa. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2009 Ford iliita magari zaidi ya milioni 14 kwa ajili ya tatizo hilo. Gari lililotoka Marekani kabla ya kurekebishwa halikupita gereji yoyote njiani. Kagua kama swichi hiyo inavuja au imeungua, na kama una shaka chomoa soketi yake mpaka fundi aione.

Spea na fundi

Swichi ya breki ni spea ndogo. Nunua mpya kila inapowezekana na uepuke iliyotolewa gari jingine, kwa sababu huwezi kujua imekanyagwa mara ngapi. Kivutaji na kompyuta vinaweza kupatikana vilivyotumika, lakini hakikisha namba iliyoandikwa kwenye boksi inalingana na ya zamani herufi kwa herufi. Peleka kile cha zamani mkononi, iwe unanunua Gitega, Bujumbura, Kahama au Dar es Salaam. Kurudisha spea isiyofaa kuvuka mpaka kuna gharama kuliko spea yenyewe.

Unapompelekea fundi gari, usimwambie "kruzi mbovu" peke yake. Mwambie: inawaka au haiwaki, inashika kwa muda gani, inaachia wapi, taa za breki zikoje, spidomita ikoje. Unapolichukua gari, mwombe akuonyeshe mbele yako kwamba kruzi inazima kwa breki, kwa klachi na kwa swichi. Fundi aliyeunga waya ataonekana hapo.

Wapi itumike na wapi isitumike

Safari ya Dar es Salaam hadi Bujumbura kwa Ushoroba wa Kati ni zaidi ya kilomita 1,500. Kwenye sehemu zilizonyooka baada ya Dodoma, na kutoka Igunga kuelekea Nzega, kruzi iliyo nzima inapumzisha mguu na kuweka mwendo sawa. Mwendo sawa unapunguza mafuta yanayotumika, na waliosafirisha wakati wa uhaba mkubwa wa mafuta Burundi wanajua thamani ya lita moja. Pia inasaidia kutopigwa tochi, kwa kuwa Tanzania magari ya zaidi ya kilo 3,500 hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Ukikaribia makazi ya watu ifute, maana hapo kikomo ni 50.

Isitumike kwenye mteremko wa Sekenke, kwenye kona za kuelekea Ngara, wala wakati wa mvua kubwa, kwa sababu tairi likiteleza kruzi inaweza kuongeza mafuta badala ya kupunguza. Isitumike unapovuka Kobero, ambako unahama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia na mguu unapaswa kuwa karibu na breki. Ndani ya Burundi, kutoka Muyinga, ambayo tangu mageuzi ya mwaka 2025 iko katika mkoa wa Buhumuza, hadi Gitega, milima haiachi nafasi ya maana ya kuitumia. Na mteremko wa Bugarama kushuka Bujumbura, wenye kona, malori na waendesha baiskeli, ni wa gia ndogo na macho ya dereva tu.

Kwa hiyo mwenye gari la Giteranyi asiyevuka kwenda mbali anaweza kuishi bila kruzi kontroli miaka yote, na kama hataki kuitengeneza, atoe fyuzi yake ikiwa haihudumii kitu kingine. Lakini asiruke hatua ya 2, ya 3, ya 5 na ya 6. Taa za breki, swichi ya breki, spidomita na vakyumu ni vya gari zima, na abiria waliokaa juu ya magunia ya maharage nyuma yake wanavitegemea kila siku.

Safari njema.